Baridi ya Kumpeleka Anneth Kanisani

Tangu harusi ya Anneth ipite, kila ninayekutana naye ananiuliza kilichotokea kwenye gari la bibi harusi. Wengine wameuliza kwenye kundi la simu, wengine wamenivizia mlangoni mwa kanisa, na mmoja alinipigia kutoka Arusha, ambako habari zilifika kabla ya picha. Nasikia yapo masimulizi mengine yanazunguka, na katika mojawapo mimi nilizimia. Sikuzimia. Hii ndiyo habari ya dereva, na dereva nilikuwa mimi.

Kwa wasionifahamu, naishi Marekani, Alexandria ya Virginia, upande wa magharibi, kwenye yale maghorofa ambayo lifti zake hufanya kazi zikijisikia. Kazi yangu ni kuegesha magari ya wageni wa hoteli. Kutwa naingia kwenye magari ya watu yenye ubaridi wa kukausha pua, nayasogeza hatua chache, nashuka. Jioni naingia kwenye langu, navuja jasho hadi nyumbani.

Anneth ni mtoto wa marehemu kaka yangu, Zakayo. Kaka alikuwa akimpeleka shule kila asubuhi, na kabla ya kuondoka alipiga honi mara tatu, si kwa sababu kulikuwa na mtu njiani, bali kwa furaha tu. Majirani walichukia, wakazoea, na alipofariki wakasema asubuhi zimekuwa kimya mno. Wakati huo Anneth alikuwa mdogo. Nilimwambia kwamba siku ya harusi yake nitamwendesha mimi, kwa niaba ya baba yake. Ni maneno ambayo mtu mzima humwambia mtoto aliyefiwa ili anyamaze, lakini yule mtoto aliyaweka.

Mwaka huu alipotangaza harusi, alinikumbusha kabla hata hajanitajia jina la bwana harusi. "You're driving me, Baba Mdogo," akasema. "And the horn. Three times, like Daddy." Anneth anaelewa Kiswahili chote, hata kile cha kusengenyana, ila majibu yake hutoka kwa Kiingereza.

Sasa, sisi hatuozi mtoto bila kamati, hata tukihamia mwezini. Na kamati yetu ina Mwenyekiti, bwana mmoja makini ambaye huvaa suti hata kwenye vikao vya kupanga nyama. Kikao cha mwisho akaniuliza mbele ya watu, "Gari la bibi harusi lina AC?"

"Linayo," nikasema.

"Inafanya kazi?"

"Gari likiwa linatembea."

Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga soda. Mwenyekiti hakucheka. Alisema hatuwezi kumfikisha mtoto wa watu madhabahuni mwezi wa saba akiwa amechemka, kwa hiyo limuzini iwekwe akiba. Ijumaa jioni, siku moja kabla ya harusi, angekuja Upper Marlboro, kule Maryland, nyumbani kwa shemeji yangu, mama yake Anneth, aketi mwenyewe ndani ya gari langu. Likipuliza baridi, namwendesha mimi. Likipuliza joto, anaendeshwa na mtu wa limuzini tusiyemjua, na mimi nakaa nyuma na keki.

Alexandria, kabla sijatoka

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Gari likienda kasi, ubaridi ulikuja wa kuridhisha. Likisimama kwenye taa, upepo uligeuka kuwa vuguvugu, halafu ukawa moto kabisa. Nilikuwa nimeandaa maelezo hayo vizuri kichwani kwa ajili ya fundi. Safari nzima hakuna aliyeniuliza, isipokuwa mmoja, na huyo nilianza kwa kumdanganya.

Ijumaa asubuhi niliteremka ngazi nikakutana na Mzee Hamisi, jirani yangu, mtu wa Tanga, dereva wa teksi tangu enzi za ramani za karatasi. Alinitazama usoni tu. "Gari?"

"AC, mzee wangu. Inapuliza joto. Lakini likiwa kwenye mwendo..."

"Gesi imekwisha hiyo, mwanangu. Huna haja ya kunieleza. Umestaftahi?"

Huwezi kumkatalia Mzee Hamisi. Nikapanda kwake nikala chapati, maharage ya nazi, na chai ya tangawizi iliyonitoa jasho ambalo nilikuwa nimelipangia mchana. Tuliposhuka alifungua buti la teksi yake, akatoa kopo la gesi lenye mpira wake, akaniambia niwashe injini. Akachomeka, akalitikisa kopo kwa upole kama anambembeleza mtoto, akiangalia angani.

"Lote, mzee?" nikauliza.

"Sasa kinachobaki nimwachie nani?"

Nikamshukuru. Alinipigapiga begani akaniambia nikatetemeke kwa raha zangu. Kwenye taa za pili kutoka nyumbani, upepo ulikuwa wa moto tena.

Kushuka Woodbridge kwa 95

Mtu wa nchi nyingine angegeuza gari, arudi kwa Mzee Hamisi, aseme halijapona. Mimi sikuweza. Ningemkuta ameshakaa kivulini anawasimulia watu alivyonitibu. Nikaamua kwenda Woodbridge kwa Kamau, Mkenya ambaye kila Mwafrika Mashariki wa kaskazini mwa Virginia amewahi kumpelekea gari.

Barabara ya 95 ilikuwa imesimama tangu Lorton. Hakuna aliyejua sababu. Hapo hakuna anayejua, na hakuna anayeuliza tena. Nilishusha vioo vyote vinne. Pande zote watu walikaa ndani ya magari yao yaliyofungwa, wamevaa masweta mepesi, wananitazama kama samaki wanavyomtazama mtu nje ya tangi lao. Baadaye bwana mmoja kwenye gari la kubebea mizigo, aliyekuwa akienda kuvua, alishusha kioo chake. Ubaridi uliotoka kwake ulinifikia, nikafumba macho kuuonja.

"You alright, sir?"

Nikamwambia niko sawa, asante. Hakuniamini. Alifungua boksi lake la samaki, akanirushia mfuko wa barafu kupitia dirishani, na njia yake ikaanza kusogea kabla sijamshukuru. Nikauweka mfuko mapajani. Nakiri kwamba zile zilikuwa dakika bora za siku ile. Sikufikiria kwamba barafu huyeyuka.

Kamau anatengenezea magari kwenye maegesho ya nyumba anakopanga, jambo ambalo limekatazwa kwa bango kubwa lililo nyuma yake. Aliponiona nikishuka, macho yake yalitua kwenye suruali yangu, ambayo ilikuwa imelowa mbele kuanzia mshipini hadi magotini. Akatazama pembeni haraka. Aliita kitu kwa Kikikuyu kuelekea juu, mke wake akachungulia barazani, akaingia, akashuka na taulo na suruali ya mazoezi yenye mistari ya kijani. Akanikabidhi bila kunitazama.

"Pole, mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Hizi jam za 95 ni mbaya. Hata mtu wetu wa kanisa, ilimfanyikia."

"Ni barafu," nikasema.

"Eeh, ni barafu," akaitikia kwa huruma nyingi.

Nikabadilisha kwenye choo chao. Suruali ya Kamau iliishia juu ya vifundo vyangu, na kuanzia hapo nilifanya safari yangu yote nikiwa kama mwanariadha aliyestaafu vibaya.

"Sasa hiyo dudu yako ni gas, mzae," Kamau akasema, bado hajafungua boneti. "Gari ikizeeka gas inatoroka tu. Ushapeleka kwa mtu mwingine?"

Hapa ndipo penyewe, na wenzangu mtanielewa. Kwetu huwezi kumwambia fundi wa pili kwamba wa kwanza ameshapita. Ukisema, unakuwa umemtukana kwamba kwake umekuja kama akiba, na umemchongea yule wa kwanza, mzee wa watu aliyekulisha chapati. Nikamtazama Kamau machoni.

"Hapana. Nimekuja kwako moja kwa moja."

Alifurahi. Mimi pia nilifurahi kwamba amefurahi. Alifungua boneti nusu tu, jicho moja kwenye injini na jingine kwenye ofisi ya msimamizi wa nyumba, kwa sababu akikutwa tena wangemfukuza. "Washa. Haya, zima. Msimamizi anatoka. Washa sasa." Akalishika bomba kwa kiganja, akatikisa kichwa kama daktari, akaingiza makopo yake. Nadhani yalikuwa mawili. La pili aliliingiza kwa mapenzi, nilimwona.

"Huwezi enda bila kukula," akasema alipomaliza. "Ushakula?"

"Bado," nikajibu, kwa sababu siku hiyo mdomo wangu ulikuwa umeshajifunza njia. Wakaniletea ugali, sukuma na mbuzi wa kuchoma, na kila nilipopunguza mwendo mke wa Kamau aliniongezea, akinitazama kwa macho ya kumfariji mgonjwa.

Kuvuka mto hadi Hyattsville

Nilipopanda tena 95 kuelekea kaskazini, kwa muda nilikuwa mtu mwenye amani. Gari lilikwenda, upepo ukawa baridi kidogo, tumbo zito. Nilianza hata kuimba. Halafu likaja daraja la kuvukia Maryland, na magari yakasimama juu ya mto, jua likipiga toka juu na toka kwenye maji, na AC ikaanza kunipulizia usoni pumzi ya mtu mwenye homa.

Nikapata wazo la Papa Didi, rafiki yangu Mkongo. Tuliwahi kufanya kazi pamoja hotelini kabla hajahamia Hyattsville na kuanza kutengeneza majokofu ya watu. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Mtu wa majokofu anaijua baridi kwa jina lake. Tena ana kipimo.

Alinipokea mlangoni kwa kunikumbatia, akanishika suruali. "Papa, sasa uko unafanya sport?"

"Kidogo."

"C'est bien. Mwili inapenda. Kuja, tukule kwanza, gari haiwezi kukimbia."

Nikajaribu. Nawaapia kwamba nilijaribu. "Papa Didi, leo tuanze na gari. Nasubiriwa Upper Marlboro."

Akasimama katikati ya sebule, uso umemshuka. "Mama ametwanga pondu tangu asubuhi, na weye unasema gari?"

Nikala fufu, ule ugali wao wa muhogo, na pondu, yaani kisamvu, na samaki. Shati la juu likaanza kubana na suruali ya Kamau, nashukuru, ilikuwa ya mpira. Nilipokuwa kwenye tonge la mwisho Papa Didi alibeba kifaa chake nje, nami nikamfuata nikitafuna.

"Hawa wengine," akasema akifunga mipira kwenye mabomba, "wanaweka tu gaz bila kupima. Kazi gani ile? Miye ninapima."

Akaniambia niwashe. Mshale wa kipimo ulipanda, ukapita rangi ya kijani, ukaingia kwenye nyekundu, ukafika ukingoni na kusimama pale ukitetemeka. Moyo ukaniambia, sema sasa. Mwambie kuhusu Mzee Hamisi, mwambie kuhusu Kamau. Lakini mdomo ulikuwa na fufu, na alipogeuka nilikuwa bado nameza.

Akakipiga kile kipimo kwa kidole. Akakipiga tena. "Hii manomètre iko mzee," akasema kwa masikitiko. "Imeanza kudanganya. Tutafanya na uzoefu."

Akaongeza gesi kwa uzoefu.

Upper Marlboro, njia ya mahakamani

Kutoka kwa Papa Didi AC haikungoja tena taa wala foleni. Ilipuliza moto gari likiwa kwenye mwendo. Mbele ya boneti kitu kilianza kulia tak, tak, kikanyamaza, kikalia tena, mwisho kikanyamaza moja kwa moja. Jua lilikuwa limeanza kuinama na Mwenyekiti, nilivyomfahamu, alikuwa ameshatoka kwake ili awahi. Kichwani nikamwona mtu wa limuzini akimfungulia Anneth mlango kwa glovu nyeupe. Kaka Zakayo hakuniachia shamba wala nyumba. Aliniachia kazi hii moja.

Nilikuwa nimekaribia mji, si mbali na mahakama ya kaunti, nilipoona kibao kando ya barabara kimeandikwa kwa rangi nyekundu: KARIBU. Nikadhani ni joto. Nikapunguza mwendo nikakisoma tena. Nyuma yake kulikuwa na gereji safi, na mlangoni alisimama mama mmoja Mmarekani mweusi, mrefu, mwenye rasta zenye mvi na miwani iliyofungwa kamba.

"Shikamoo, bwana," akasema. "Gari lako lina tatizo gani?"

Nikaitikia marahaba ingawa kwa umri mimi ndiye niliyestahili kumwamkia. Jina lake Lorraine. Alijifunza Kiswahili chuoni, akaishi Morogoro kwa muda, akarudi na lugha iliyopigwa pasi kuliko ya wengi wetu. Mbwa wake anaitwa Asante, kwa hiyo ukimshukuru unalambwa.

"Mwambie ukweli fundi wako," akasema. "Ni nani aliyeligusa gari hili kabla yangu?"

"Hakuna," nikasema.

Akashusha miwani. "Bwana, katika kaunti hii yote hakuna anayezifahamu AC za magari kunizidi mimi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Sasa nitaiunganisha mashine yangu, itaivuta gesi yote na kuipima uzito. Nakuuliza mara ya mwisho."

"Hakuna, dada."

Akaunganisha. Mashine ikanguruma kwa muda mrefu, na namba zikawa zinapanda, na yeye akawa ananitazama mimi, si namba. Kisha akaingia ofisini akatoka na sahani iliyofunikwa: kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, mboga za majani.

"Umekula leo?" akauliza.

Mdomo wangu ukafunguka kusema bado. Ikatoka harufu ya kuku, na kitu ndani yangu kikagoma. Nikakaa kwenye tairi kuukuu lililokuwa pale.

"Dada Lorraine, nimekula mara tatu," nikasema. "Na gari nalo limekula mara tatu. Kila nilikofika nilisema bado."

Alinisikiliza mwanzo hadi mwisho, Mzee Hamisi na kopo lake, Kamau na bomba lake, Papa Didi na kipimo kinachodanganya. Nilipofika kwenye barafu alilazimika kushika nguzo.

"Kumbe halina njaa," akasema akifuta machozi. "Limevimbiwa. Gesi ikizidi, AC haiwezi kupoza. Kwa nini hukuwaambia?"

"Wangeumia."

"Kwa hiyo ukaona heri uumie wewe."

"Ndiyo," nikasema, na nilipojisikia nikasema hivyo kwa sauti, nikaona aibu kidogo na fahari kidogo. Sijui ipi ilizidi.

Akarudisha gesi ya kiasi kinachotakiwa, akaniambia niwashe injini na kuliacha gari likiwa limesimama. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu asubuhi: alizunguka mbele akatazama. "Njoo," akaniita. Nyuma ya grili, ule wavu wa mbele ya gari, kulikuwa na feni mbili. Moja ilizunguka. Ya AC ilikuwa imetulia tuli, na buibui alikuwa ameanza kujenga.

"Ukienda kasi, upepo wa barabara unafanya kazi ya feni. Ukisimama, hakuna upepo. Hukuliona hilo?"

Nikamwambia nililiona siku nyingi, ila sikupata nafasi ya kulisema.

Feni yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokufa ni rilei, kile kiboksi cheusi, kidogo kama kipande cha sukari, kinachoipa feni umeme. Akapiga simu maduka mawili ya vipuri, kote akaambiwa Jumatatu. Akafikiri, akafungua kile kisanduku cha fyuzi, akachomoa kiboksi kingine kilichofanana nacho kabisa, akakipachika mahali pa kile kilichokufa. Feni ikaamka kwa ghafla, buibui akaondoka. Ndani ya gari ukatoka ubaridi ambao sijawahi kuusikia tangu nilinunue.

"Asante!" nikapiga kelele, nikalambwa.

"Ngoja," akasema Lorraine. "Nimekitoa kwenye honi. Mpaka Jumatatu, una baridi au una honi. Huwezi kuwa na vyote viwili. Chagua."

Nilisimama pale na suruali yangu ya mistari. Honi ilikuwa ya Kaka Zakayo, na Anneth alikuwa ameiomba kwa kinywa chake. Lakini bila baridi nisingekuwa ndani ya hilo gari kabisa, na honi ingepigwa na nani? Nikamwambia aache hivyo hivyo. Moyo haukuwa mweupe.

Mwenyekiti alikuwa ameshafika kwa shemeji. Aliingia kwenye gari, akafunga vioo, akaniambia niiwashe injini nisiondoke. Akakaa. Tulimtazama kupitia kioo akiwa amekunja mikono, kisha amefunga koti la suti, kisha anajisugua mabega. Alipotoka meno yalikuwa yanagongana. "Imepita," akatangaza, akampigia mtu wa limuzini kumwambia asije. Hakugusa honi. Anneth alinirukia shingoni, akaniuliza kuhusu suruali, nami nikamweleza ya suruali tu, si ya honi.

Jumamosi, msafara wa kwenda Woodbridge

Kanisa lilikuwa Woodbridge, kwa hiyo njia ilikuwa ile ile, kwa kurudi nyuma. Gari langu mbele, lina utepe mweupe, nyuma yangu msafara. Anneth na gauni lake walijaza kiti chote cha nyuma, na msimamizi wake alikaa mbele na mimi akiwa ameshika shela mapajani. Tulipokuwa tayari kuondoka, Anneth alifumba macho akangoja.

Nikaondoa gari kimya kimya. Nyuma yetu magari yote yalilipuka kwa honi.

"Baba Mdogo?"

"Tutapiga tukifika barabara kubwa, mwanangu."

Tulipofika barabara kubwa nikasema tukishavuka daraja. Tulipovuka daraja nikasema magari ni mengi. Ndani ya gari kulikuwa na baridi safi, vipodozi vimekaa vilipopakwa, kila kitu kama kamati ilivyopanga, na mimi peke yangu nilikuwa natoka jasho.

Maeneo ya Springfield 95 ikasimama, kama kawaida yake. Feni ikaendelea kuzunguka, ubaridi haukupungua hata kidogo. Lorraine angejisifu, na angekuwa na haki.

"We're not moving," Anneth akasema nyuma. "Now. Please."

Nikashika usukani kwa mikono miwili. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu kiboksi cheusi, na limuzini, na kwamba nilichagua. Msimamizi akatazama nje dirishani kana kwamba barabara imekuwa ya kuvutia.

"So you gave up Daddy's horn for the AC."

"Ili nikuendeshe mimi. Nisamehe, mama."

Kwenye kioo nilimwona ameinamisha kichwa, na nikajua nimemliza bibi harusi njiani kwenda kanisani, jambo ambalo mtu wa limuzini asingelifanya. Kisha nikasikia gauni linahangaika.

"Basi fungua dirisha," akasema, kwa Kiswahili.

"Joto, Anneth. Uso wako..."

"Fungua, Baba Mdogo."

Nikashusha kioo chake. Hewa ya Julai ikaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Anneth akatoa kichwa na mabega nje, shela la watu likabaki mikononi mwa msimamizi, akavuta pumzi na kupiga kelele kwa nguvu zake zote: "Piii! Piii! Piii!"

Mara tatu, na kwa mlio ule ule, ule wa tatu ukiwa mrefu. Sikujua kwamba anaukumbuka mlio. Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Msafara wote ukajibu kwa honi. Likajibu na lori la mbele, likajibu na basi la watalii, wakajibu na watu tusiowajua waliokuwa wamekaa nyuma ya vioo vyao vilivyofungwa, nao wakaanza kuvishusha mmoja mmoja. Msimamizi akapiga kigelegele. Kuanzia pale hadi Woodbridge hakuna kioo kilichopandishwa. Anneth alikuwa honi kwenye kila makutano, na AC iliendelea kufanya kazi yake kwa uaminifu, ikiipoza Virginia nzima.

Ndivyo tulivyofika kanisani. Mwenyekiti alikuwa akisubiri kwenye ngazi na koti lake limefungwa. Akafungua mlango wa nyuma, akamkuta bibi harusi amelowa chapachapa, wanja umefika mashavuni, sauti imekauka kabisa, anacheka. Joto la ndani likampiga usoni. Akanigeukia.

"Imekufa tena!" akasema. "Nilijua tu. Hiyo ni gesi, bwana, gesi imeisha. Usihangaike. Mimi nina kopo kwenye buti, tunaijaza sasa hivi kabla hamjaondoka kwenda ukumbini."

Akaanza kuelekea kwenye gari lake, akitafuta funguo mfukoni, uso wake umejaa nia njema. Anneth akanitazama, akasubiri nitakachosema.

"Tunashukuru, Mwenyekiti," nikamwambia. "Limeshiba."